Sura ya Tano: Je, Mtoto Alilia?

Dodoso ambalo Shirika la Afya Duniani limelitunga kwa ajili ya kuulizia kifo cha mtoto mchanga lina maswali mengi, na mengi yake hujibiwa kwa ndiyo, hapana au sijui. Moja ndilo lililoyabeba mengine yote: je, mtoto alilia baada ya kuzaliwa? Mama akijibu ndiyo, hata kama kilio chenyewe kilikuwa chembamba na kikakatika papo hapo, basi mtoto yule alikuwa hai, akafa, na kifo chake kinatafutiwa sababu. Akijibu hapana, mhojaji haachi hapo. Alijitikisa? Alivuta pumzi, japo mara moja? Ngozi yake ilikuwa nzima au ilikuwa imeanza kuchubuka? Majibu yote yakielekea upande mmoja, mtoto anaandikwa kuwa alizaliwa mfu, na maswali yanayobaki yanarudi kwenye mimba na uchungu.

Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa mwaka 2022 watoto milioni 2.3 duniani walifariki kabla ya kutimiza siku 28. Wengine karibu milioni 1.9 kwa mwaka huzaliwa wafu baada ya mimba kupita wiki 28. Makundi haya mawili makubwa mara nyingi hutenganishwa na kilio kilichosikika, au ambacho hakikusikika, katika chumba kimoja, usiku, mbele ya watu watatu au wanne. Wengi wa watoto hao hawakupata cheti cha kuzaliwa wala cha kifo. Hakuna daktari aliyeuchunguza mwili. Walizikwa siku ileile, pengine pembeni ya nyumba, na msiba wao haukuwekwa tanga kama wa mtu mzima. Ushahidi pekee uliobaki ni kumbukumbu za waliokuwapo.

Sura hii inaeleza jinsi kumbukumbu hizo zinavyokusanywa na kusomwa mpaka zikaonesha nini kinaua watoto wetu. Inahusu pia jambo linaloniuma na ambalo nadhani halijasemwa vya kutosha: tunamwomba mama atoe ushahidi wa mambo ambayo huduma zetu za afya zilimzuia asiyaone.

Njia yenyewe si ngeni. Katika London ya karne ya 17, parokia ziliwaajiri wanawake wazee kwenda kwenye nyumba yenye maiti, kutazama, kuuliza na kutoa taarifa. Taarifa hizo ziliingia katika orodha za vifo zilizochapishwa kila wiki, na John Graunt akazichambua katika kitabu alichokitoa mwaka 1662. Katika karne ya 20 kazi hii ilifufuliwa Punjab, India, kwenye tafiti za Khanna na Narangwal, ambako familia ziliulizwa kwa utaratibu maalumu kuhusu vifo vilivyotokea majumbani. Tanzania iliingia kwa nguvu mwaka 1992, kwa mradi uliofanya kazi Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, ukilenga hasa vifo vya watu wazima. Baadaye Ifakara, Rufiji, na Kilifi nchini Kenya zikawa na vituo vinavyofuatilia kaya zote za eneo, vikiandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Na kila penye kifo, mtu anakwenda kuuliza.

Anayekwenda kuuliza mara nyingi ni mwanamke wa eneo hilohilo, aliyesoma mpaka sekondari, asiye muuguzi wala daktari. Wengi hushangaa wakisikia hivyo, lakini uamuzi huu una hekima. Muuguzi akisikia “mtoto alikuwa anahema mbiombio” ataiandika nimonia kichwani mwake kabla mama hajamaliza kusema, na maswali yake yote yanayofuata yataikimbilia nimonia hiyo. Mtu asiye na utaalamu huo huuliza yote yaliyoandikwa na kuandika alichojibiwa. Tena mama hamwogopi. Hana haja ya kujitetea mbele yake kwa nini alichelewa kufika zahanati, au kwa nini alimpa mtoto dawa ya miti shamba kwanza.

Haendi siku ya msiba. Huacha wiki kadhaa zipite, na pwani busara ni kusubiri arobaini iishe, maana mzazi bado yumo ndani ya arobaini yake hata kama hana mtoto wa kumlea. Hatakiwi kuchelewa mno pia: mwaka ukipita, siku ya tatu na siku ya tano huanza kuchanganyika. Kule Zanzibar hupitia kwa sheha, bara hupitia kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, halafu hubisha hodi kama mgeni mwingine yeyote. “Poleni na msiba.” “Tushapoa, mwanangu. Karibu kitako.”

Hapo pana mtego wa kwanza. Anayekaribisha na kuzungumza kwa kawaida ni mama mkwe, au bibi mzaa mama, na mzazi mwenyewe hukaa kimya pembeni. Wakati mwingine ni sawa kabisa kumhoji bibi, kwa sababu yeye ndiye aliyempokea mtoto na kumwogesha, na mama alikuwa hajitambui kwa kutokwa na damu. Lakini wakati mwingine bibi anaisimulia habari kama ukoo ulivyokubaliana kuisimulia, na mama anajua jingine. Mhojaji aliyefunzwa vyema huanza kwa kumheshimu mkubwa, humsikiliza, kisha huomba kwa adabu aachwe kidogo na mzazi: “Bibi, naomba ruhusa yako nikae na mwenzangu tuzungumze mambo ya uzazi.” Ombi hilo dogo linaweza kuamua kama kifo kitaeleweka au la.

Kuna ubishi kuhusu mahali pa kuweka simulizi huru, yaani pale mama anapoachwa aeleze mwenyewe tangu uchungu ulipoanza mpaka mtoto alipoondoka. Baadhi ya madodoso huiweka mwisho, baada ya maswali ya ndiyo na hapana, na wapo wanaotaka ifutwe kabisa kwa kuwa programu za kompyuta haziitumii sana na inachukua muda. Mimi niko upande wa wanaoanza nayo. Mama aliyefiwa na mtoto wa siku tano hajapata mtu aliyemwambia “nieleze”. Majirani walimwambia ashukuru Mungu, ni malaika wake, atapata mwingine. Ukimfungulia kwa maswali mia ya ndiyo na hapana, utapata ndiyo na hapana. Ukimwacha aseme, utayapata mambo ambayo hakuna mtu aliyewaza kuyauliza.

Tuchukue mfano wa kutunga, lakini wa aina iliyokuwa ikisikika sana miaka ya nyuma. Mama anasema: “Alizaliwa salama, akalia. Nikampa ziwa, akanyonya vizuri siku mbili, tatu. Siku ya tano asubuhi nampa ziwa, analitaka lakini kinywa hakifunguki. Mchana akaanza kukakamaa. Mlango ukigongwa tu, mwili wote unashtuka. Wakasema ni dege, tukampeleka kwa mzee mmoja akamfukiza. Siku ya saba, ndiyo siku ya kumnyoa nywele, akafariki.”

Mwenye uzoefu wa kazi hii akisoma simulizi hiyo hahitaji maabara. Mtoto aliyelia na kunyonya kawaida siku mbili za mwanzo, kisha kati ya siku ya 3 na ya 28 akashindwa kunyonya na mwili ukakakamaa, amekufa kwa pepopunda. Hakuna ugonjwa mwingine wa mtoto mchanga unaofuata kalenda hiyo kwa uaminifu kiasi hicho. Vimelea viliingia kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa kitu kichafu, vikachukua siku zao, sumu ikafika kwenye mishipa ya fahamu. Na kwa kuwa watoto hawa walizaliwa nyumbani na kufia nyumbani, hospitali hazikuwa na habari nao. Ni pale watafiti walipoanza kupita nyumba kwa nyumba katika miaka ya 1970 na 1980, wakiuliza akina mama maswali kama haya, ndipo ukubwa wa balaa ukaonekana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 1988 pekee pepopunda iliua watoto wachanga 787,000. Baada ya hapo chanjo ya wajawazito na wembe safi vikasukumwa kwa nguvu, na mwaka 2012 Tanzania ikathibitishwa kuwa pepopunda ya mama na mtoto mchanga si tatizo tena la afya ya jamii nchini. Ushindi huo ulianzia kwenye midomo ya wanawake waliokumbuka mtoto aliacha kunyonya siku ya ngapi.

Zingatia kwamba mama wa mfano wetu alisema dege. Kilifi angeweza kusema nyuni. Mwingine atasema mtoto alikuwa na mchango, mwingine utosi, mwingine atanong'ona kwamba wazazi walimbemenda. Mhojaji mbaya hufanya moja ya makosa mawili: ama anaandika jina hilo na kufunga ukurasa, ama anaanza kutoa somo la afya na kumfanya mama ajione mjinga. Mzuri hulipokea jina kisha huuliza kilichoonekana kwa macho. Dege lilikuwaje? Mwili ulilegea au ulikakamaa? Macho yaligeuka? Mgongo ulipinda kwa nyuma? Lilianza siku gani? Mtoto aliyepatwa na degedege siku ya kwanza, aliyezaliwa baada ya uchungu mrefu na hakulia, habari yake ni nyingine kabisa na ya yule wa siku ya tano: ubongo wake ulikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Mtoto wa siku ya kumi mwenye homa, utosi uliovimba na degedege, huyo tunamhofia homa ya uti wa mgongo au maambukizi ya damu. Dalili ni ileile. Kinachotofautisha ni siku na yaliyotangulia.

Ndiyo maana wahojaji hufundishwa kuzitafuta siku bila kutegemea tarehe. Ilikuwa kabla ya Ijumaa au baada yake? Kitovu kilikuwa kimeshakatika? Mtoto alikuwa ameshapewa jina? Mimba nayo huhesabiwa kwa namna hiyo, maana mtoto njiti hatambuliki bila kujua miezi, na miezi ya mama aliyeanza kliniki akiwa na mimba ya miezi mitano ni ya kukisia. Basi huulizwa: alikuwa mdogo kuliko watoto wengine uliozaa? Alipimwa uzito? Kadi ya kliniki ipo? Wakati mwingine kadi hutolewa ndani ya kanga iliyofungwa fundo, na namba moja iliyoandikwa pale na mkunga inakuwa na maana kuliko maswali kumi.

Kuhusu lile swali la kilio, pwani ina shahidi mwingine ambaye sijaona akitumika vya kutosha. Kwa Waislamu wa kwetu, ambao wengi hufuata madhehebu ya Shafii, mtoto aliyelia au kuonesha dalili ya uhai kisha akafa husaliwa kama mtu mwingine. Aliyetoka bila dalili yoyote huoshwa, hukafiniwa na kuzikwa, lakini kwa rai inayofuatwa na wengi hasaliwi. Kwa hiyo siku ileile ya kifo, kabla mtafiti yeyote hajafika, watu wazima wa nyumba ile walikaa wakaulizana: alilia? alitikisika? Na wakatoa uamuzi. Mama akiwa hana uhakika, swali la upole kama “mlimsalia?” linaweza kueleza waliokuwapo walichokiona.

Majibu yakishakusanywa, husomwa kwa njia mbili. Ya zamani ni kuwapa madaktari wawili, kila mmoja asome peke yake na aandike sababu. Wakitofautiana, huitwa wa tatu. Ni njia nzuri lakini ina gharama, na inamtoa daktari wodini kwenda kusoma karatasi za waliokwisha kufa. Ya pili ni kompyuta. Peter Byass, Mwingereza aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Umeå nchini Sweden mpaka kifo chake mwaka 2020, alitengeneza programu ya InterVA, ambamo kila jibu la mama linaongeza au kupunguza uwezekano wa sababu fulani mpaka sababu moja au mbili zibaki juu. Baadaye zikaja nyingine, kama Tariff na InSilicoVA, na leo mhojaji anaingiza majibu kwenye kishikwambi akiwa bado amekaa mkekani.

Je, zinaaminika? Swali hili lilipimwa kwa ukali, na Pemba na Dar es Salaam zilikuwa miongoni mwa maeneo ya kipimo. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2011, uliofanyika pia India, Ufilipino na Mexico, ulichukua vifo 12,542 vilivyotokea hospitalini, vyenye sababu iliyothibitishwa kwa vipimo. Familia za marehemu hao zilifuatwa nyumbani na kuhojiwa kama kawaida. Majibu yakapewa madaktari na kompyuta, wakatakiwa kukisia sababu ambayo tayari ilikuwa inajulikana. Baadhi ya programu za kompyuta hazikushindwa na madaktari. Wote walikosea mara nyingi walipomtazama marehemu mmoja mmoja, lakini walipotazama kundi kubwa, mgawanyo wa sababu ulikaribia ukweli vya kutosha kuiongoza wizara ya afya.

Hilo linazaa tatizo la uadilifu ambalo watafiti wengi hulipita haraka. Mama aliyetoa saa nzima ya machozi anataka kujua mwanawe alikufa kwa nini. Njia hii inaweza kuiambia wilaya kwamba sehemu fulani ya watoto wake wachanga inakufa kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa; haiwezi kumwambia mama huyu kwa uhakika uleule habari za mtoto wake mmoja. Sioni kama hiyo ni sababu ya kumnyima chochote. Ni sababu ya kumwambia ukweli huo mwanzoni, kwa lugha yake, kabla hajaombwa ridhaa.

Mipaka mingine iko ndani ya mwili. Mtoto mchanga hana dalili nyingi. Nimonia, maambukizi ya damu na homa ya uti wa mgongo vyote humfanya aache kunyonya, awe wa moto au wa baridi, aheme kwa shida, alegee. Hakuna mama anayeweza kuvitenganisha kwa macho, na programu nyingi huishia kuviweka pamoja. Tundu la moyo la kuzaliwa nalo halionekani. Katika Siaya na Kisumu nchini Kenya, mradi wa utafiti wa CHAMPS unaomba ridhaa ya familia kuchukua vipande vidogo vya viungo vya marehemu kwa sindano, bila kuupasua mwili, na kuvipima. Huko na katika nchi nyingine za mradi huo, kidudu kinachoitwa Klebsiella pneumoniae kimeonekana mara kwa mara kuchangia vifo vya watoto wachanga, na wengi wao walikipata wakiwa hospitalini. Hilo mama asingeweza kulijua hata angekaa na mtoto usiku na mchana. Sindano na simulizi zinahitajiana: moja inaonesha kidudu, nyingine inaonesha mtoto alifikaje mahali kidudu kilipo.

Na hapo ndipo simulizi inapoishinda sindano. Huko Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, mtafiti Peter Waiswa na wenzake walizifuata habari za watoto wachanga 64 waliofariki, wakauliza si ugonjwa tu bali kila saa ilipotelea wapi. Katika nusu ya vifo, 32, tatizo kubwa lilikuwa nyumbani: hatari haikutambuliwa au uamuzi wa kutoka ulichelewa. Katika 13 lilikuwa njiani, kwenye usafiri. Katika 19 lilikuwa kituoni, familia zikiwa tayari zimefika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010, na kwangu yana thamani kuliko orodha nyingi za magonjwa, kwa sababu yanamwonesha mganga mkuu wa wilaya mahali pa kuweka mkono. Maambukizi yaliyomkuta mtoto nyumbani bila mtu kutambua yanahitaji mhudumu wa afya wa kijiji apite siku za mwanzo. Maambukizi yaleyale kwa mtoto aliyefika kituoni akakuta hakuna dawa ya sindano yanahitaji bohari ya dawa ijibu.

Lakini miaka hiyo na leo si sawa. Katika utafiti wa kitaifa wa afya na uzazi Tanzania wa 2015-16, asilimia 63 ya uzazi ulifanyika katika vituo vya afya. Mwaka 2022 ilikuwa asilimia 81. Wanawake walifanya walichoambiwa: waliuza kuku, wakakodi bodaboda, wakaenda. Katika kipindi hichohicho vifo vya watoto wachanga vilitoka 25 kwa kila vizazi hai 1,000 hadi 24. Kenya navyo vilitoka 22 mwaka 2014 hadi 21 mwaka 2022. Lengo la dunia ni nchi kufikia 12 au chini ya hapo ifikapo 2030. Takwimu hizi zinasema kwamba swali la nini kinaua watoto wachanga limehamia ndani ya wodi, na ndani ya wodi shahidi wetu amefungwa macho.

Sikiliza simulizi za akina mama waliojifungulia vituoni na utaikuta sentensi ileile kila mahali: “Wakamchukua mtoto, wakatoka naye, wakarudi wakasema amefariki.” Kabla ya sentensi hiyo mama anakumbuka kila kitu: saa aliyofika, aliyempokea, maji yalipasuka lini na yalikuwa na rangi gani. Baada yake pana giza. Alilia? “Sijui, sikusikia.” Walimfanyia nini? “Sikuona.” Walisema kafa kwa nini? “Walisema kachoka.” Au: “Walisema kanywa maji machafu.” Na mara nyingi mno: “Walisema mimi sikusukuma.”

Sentensi hiyo ya mwisho inanikasirisha. Mwanamke aliyekaa na uchungu siku nzima bila mapigo ya moyo ya mtoto kusikilizwa kama inavyotakiwa anaondoka wodini akiamini kwamba yeye ndiye aliyemuua mwanawe. Wiki sita baadaye mhojaji anakuja, anamuuliza sababu ya kifo, naye anarudia hukumu aliyopewa. Kwenye dodoso hakuna kisanduku cha hukumu hiyo. Kile ambacho kingefaa kuandikwa, yaani uchungu ulidumu saa ngapi, mtoto alianza kupewa hewa baada ya dakika ngapi, nani alikuwapo, hakijui, kwa sababu hakuna aliyeona kuwa ana haki ya kukijua.

Tena tunajua dakika hizo zina uzito gani. Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, mtafiti Hege Ersdal na wenzake waliwatazama watoto wakizaliwa na kupima muda kwa sekunde. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 walionesha kuwa, kwa watoto waliohitaji kusaidiwa kupumua kwa mfuko na barakoa, kila sekunde 30 za kuchelewa ziliongeza hatari ya kifo au kulazwa kwa muda mrefu kwa asilimia 16. Mwaka uliofuata yakatoka matokeo ya hospitali nane za Tanzania ambako wakunga walifunzwa kumsaidia mtoto apumue ndani ya dakika ya kwanza. Vifo vya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Watoto walioandikwa kuwa wamezaliwa wafu muda mfupi tu baada ya kufa walipungua kwa asilimia 24.

Punguzo hilo la pili lisomwe kwa makini. Mfuko na barakoa haviwezi kumfufua aliyekufa. Kama idadi ya wazaliwa wafu inashuka wakunga wanapojifunza kuwapa watoto hewa, maana yake baadhi ya waliokuwa wakiandikwa wafu hawakuwa wafu. Walikuwa wamelegea, wa rangi ya buluu, bila kilio, moyo ukiwa bado unapiga, na hakuna aliyesikiliza. Mama wa mtoto kama huyo, akihojiwa, atajibu kwa uaminifu kabisa kwamba hakulia. Kompyuta itampeleka upande wa wafu. Sababu ya kifo, ambayo ni kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kifo kinachozuilika kwa kifaa cha bei nafuu na mikono iliyofunzwa, haitaonekana popote.

Sisemi kwamba wakunga wanadanganya kwa makusudi. Mkunga mmoja anayezalisha wanawake watano kwa zamu moja hana muda wa kukaa chini na kila aliyefiwa. Anajua pia kwamba kifo cha mtoto aliyezaliwa hai kitamletea kikao, maswali na pengine barua, wakati mzaliwa mfu atapita kimya. Vikao vya kujadili vifo vya uzazi vimewekwa na wizara zetu ili kujifunza, lakini pale vinapoendeshwa kama mahakama vinafundisha watu kuficha. Anayetaka takwimu za kweli aanze kwa kuondoa hofu hiyo, na aongeze wakunga.

Halafu kuna deni la watafiti. Kila mwaka maelfu ya familia katika ukanda wetu hufungua milango yao na kueleza jambo gumu kuliko yote yaliyowapata. Habari hizo husafiri hadi Dodoma, Nairobi, Geneva na Seattle, zinakuwa makala na ramani za rangi, na ni nadra kurudi kijijini zilikotoka. Ningependa kila mradi wa aina hii ulazimishwe, kabla ya kupewa kibali cha maadili, kueleza utarudi lini kwa sheha au mwenyekiti, utakaa na akina mama wapi, na utawaambia nini: watoto wangapi wamefariki hapa, kwa sababu zipi tunazoziona, na zahanati yenu imetakiwa kubadilisha nini. Bajeti ya kurudi ni ndogo. Mafuta ya gari, nauli, siku chache za mhojaji yuleyule aliyekaa mkekani.

Na wewe mkunga, muuguzi au daktari unayesoma sura hii, ombi langu ni la leo, halisubiri mradi wowote. Mtoto akifariki mikononi mwako, rudi kwa mama yake kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Mwambie kama mtoto alilia au moyo wake ulikuwa unapiga. Mwambie mlimfanyia nini na mnadhani kilichomuua ni nini. Mwambie, kama ni kweli, kwamba si kosa lake. Kisha yaandike hayo kwenye kadi yake ya kliniki, kwa maandishi yanayosomeka, uweke na tarehe na saa.